Kiwanja Kikubwa na Siku ya Pili Yake

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana zama hizi, barazani na sokoni, ni ujenzi wa viwanja vikubwa vya michezo na majumba ya tamasha. Kila nchi yataka isipitwe na jirani yake, na kila mji wataka uwe na chake. Nchi iliyopewa mashindano makubwa hujiona imevikwa taji, na iliyonyimwa hujiona imeaibishwa. Tarehe 27 Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, na tangu hapo kazi ya kujenga viwanja vipya na kutengeneza vya zamani ikashika kasi katika nchi zote tatu. Basi yatupasa na sisi watu wa mwambao tulitazame jambo hili kwa akili zilizotulia, tusichukuliwe na shangwe wala tusisukumwe na chuki; kwani mali inayojenga ni mali ya watu wote, na deni litakalosalia ni deni la watu wote.

Suala lenyewe ni hili: Je, ni haki kwa watu walio hai leo kujenga jengo kubwa la furaha, na kuwaachia gharama yake watu ambao hawakuulizwa, na wengine wao hata hawajazaliwa? Na ikiwa yaweza kuwa haki, ni kwa masharti gani?

Kabla ya kulijibu suala hili hatuna budi kuwatazama watu wa makundi mawili, kwani kelele zao ndizo ziwazuiazo wengine kufikiri. Kundi la kwanza ni la wale wasemao kwamba michezo yote ni upuuzi, na kwamba kila shilingi iendayo kiwanjani imepotea. Hawa wameifanya dini nzito kuliko ilivyo. Yajulikana katika sera ya Mtume (s.a.w.) kwamba aliweka mashindano ya mbio za farasi, na kwamba Mahabashi walicheza kwa mikuki yao msikitini mwake naye asiwakataze. Mwili una haki yake na moyo una haki yake, na kijana asiyepata mahali pa kuchezea pema atatafuta pa kuchezea pabaya. Kundi la pili ni la wale wasemao kwamba kila jengo kubwa ni maendeleo, na kwamba mwenye kuuliza gharama yake ni adui wa vijana. Hawa nao wamekosea, kwani kuuliza hesabu ya mali ya watu si uadui. Ni katika kutimiza amana. Mwenye nyumba akiulizwa na wanawe amekopa kiasi gani, hawezi kuwajibu kwamba wao hawaipendi nyumba.

Sasa tuwarudie wazee wetu, maana jambo la kujenga kitu cha watu wote si geni kwetu. Katika miji yetu ya kale, Mombasa na Lamu na mingineyo, mtu aliyetaka kuacha msikiti au kisima au chuo cha watoto hakuona kwamba kazi yake imekwisha pale fundi alipotia chokaa ya mwisho. Aliweka pamoja na jengo lile shamba la minazi, au nyumba za kupangisha, au duka, ili pato lake linunue mafuta ya taa na mikeka, na limlipe mwenye kufagia na mwenye kuchota maji. Kisha akamtaja msimamizi, akawashuhudisha watu. Huo ndio wakfu. Na ukiutazama vizuri utaona kwamba ndani yake mna masuala matatu ambayo mwenye kuweka wakfu hana budi kuyajibu kabla hajaweka jiwe la kwanza: Mali hii yatoka wapi? Nani atakitunza kitu hiki mimi nikiisha kuondoka? Na nani atakayenufaika nacho?

Mimi naona kwamba masuala haya matatu ndiyo mizani ya kupimia kila jengo la umma, liwe la ibada au la michezo. Kiwanja si wakfu, hilo twalijua. Walakini haja ya kujibu masuala hayo ni ile ile, na asiyeyajibu mwanzo atajibiwa na wakati, na jibu la wakati ni ghali.

Tuanze na suala la pili, la utunzaji, kwa kuwa ushahidi wake uko wazi zaidi. Mji wa Montreal katika nchi ya Kanada ulipokea michezo ya Olimpiki mwaka 1976. Meya wake wa siku zile, Jean Drapeau, aliwahakikishia watu kwamba michezo ile haitawatia khasarani. Akaletwa msanifu kutoka Ufaransa, Roger Taillibert, akachora kiwanja cha ajabu chenye mnara ulioinama na paa la kitambaa la kuvutwa kwa kamba za chuma. Michezo ilipofunguliwa, mnara ulikuwa haujakwisha na paa halikuwapo. Paa lilikuja kuwekwa mwaka 1987, miaka 11 baada ya wageni kwenda zao, nalo likawa likipasuka mara kwa mara. Mwaka 1991 boriti yenye uzito wa tani 55 ikaanguka. Kwa bahati njema hapana mtu aliyeumia. Timu ya besiboli iliyokuwa ikikitumia kiwanja kile ilihama mji baada ya msimu wa mwaka 2004. Ama deni, lililipwa kwa miaka 30, khasa kwa kodi iliyowekwa juu ya tumbaku, likamalizika mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa michezo ile aliyakuta malipo yakiendelea hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Wala gharama haikukoma hapo: mwaka 2024 serikali ya jimbo la Quebec ilitangaza kwamba itaweka paa jipya kwa dola milioni 870 za Kanada. Tazama basi: furaha ilikuwa ya wiki mbili, na kazi ya kuitunza imekwisha kupita miaka 40.

Miaka 8 tu baada ya Montreal, mwaka 1984, michezo ile ile ilikwenda Los Angeles katika Marekani. Watu wa mji ule walikuwa wamesikia yaliyowapata wenzao, na walikataa kuibebesha hazina ya mji wao mzigo kama ule. Basi watengenezaji hawakujenga kiwanja kikuu kipya. Walikitumia kile kiitwacho Coliseum, kilichofunguliwa mwaka 1923 kuwa ukumbusho wa askari wa Vita Vikuu vya Kwanza, na ambacho kilikwisha kutumiwa kwa Olimpiki ya mwaka 1932. Wanariadha wakalazwa katika mabweni ya vyuo vikuu. Michezo ilipokwisha ikaonekana ziada ya zaidi ya dola milioni 200, na sehemu ya ziada hiyo ikawekwa katika mfuko wa kuwasaidia vijana wa sehemu zile kupata kucheza. Watu wale hawakulijua neno wakfu, lakini jambo walilolifanya lafanana nao kuliko mengi yanayofanywa na sisi wenyewe.

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Katika nchi ya Brazil, kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2014, kilijengwa kiwanja cha watu zaidi ya 40,000 katika mji wa Manaus, katikati ya misitu ya mto Amazon. Kikachezewa mechi 4 za mashindano yale. Baada ya hapo wakabaki wenyewe na timu zao za madaraja ya chini, ambazo watazamaji wake hawakujaza hata pembe moja ya kiwanja. Hakikuwa kibaya kiwanja kile. Wengi walikisifu kwa uzuri. Aibu yake ni kwamba hapakuwa na jibu la suala: kesho kitakuwa cha nani?

Na sisi wa Kenya twajua habari hizi kwa macho yetu. Kiwanja cha Kasarani kilijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na kwa hakika kilitupa heshima. Lakini jengo huzeeka kama mtu. Kenya ilikuwa imepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996, ikapokonywa. Na mwaka 2017 ikapokonywa mashindano ya mwaka 2018 ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa kuwa viwanja havikuwa tayari. Hapo yatulazimu tuseme kweli: viwanja tulikuwa navyo. Kilichokosekana ni utunzaji. Mwenye mashua aiachaye bila kalafati, kisha kila miaka 30 akakopa kununua mpya, hatuwezi kumwita baharia.

Sasa tuje katika suala la kwanza, la mali. Tarehe 1 Machi 2024 liliwekwa jiwe la msingi la kiwanja kipya cha Nairobi, kilichopewa jina la Talanta, cha watu 60,000. Mwezi Julai 2025 hati za mkopo za kukijengea, zenye thamani ya shilingi bilioni 44.79 na muda wa miaka 15, ziliingizwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Faida waliyoahidiwa wenye kukopesha ni zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Na mfuko wa serikali wa michezo, ulioelekezwa kubeba malipo hayo, watiwa fedha khasa kutokana na kodi za kamari na bahati nasibu.

Hapo, ndugu msomaji, nakuomba usimame kidogo. Jambo la riba Waislamu twajua hukumu yake, wala sina haja ya kuirudia. Lakini hebu tuliache hilo upande, tuseme na kila mtu mwenye akili, awe Mwislamu au asiwe. Kiwanja hujengwa, tuambiwavyo, ili vijana wapate kazi ya maana, waache maovu, wainuke. Na fedha za kukilipia zatoka kwa nani? Zatoka, kwa sehemu kubwa, kwa kijana yule yule, akiwa amekaa na simu yake akiweka dau juu ya timu za Ulaya, mpaka karo ya ndugu yake imekwisha au mtaji wa kibanda cha mama yake umeteketea. Nao ubaya hauishii hapo. Serikali inayotegemea kodi ya kamari kulipa deni la miaka 15 imejifunga kwa miaka 15 kuitaka kamari iendelee. Atakapokuja mtu kusema, “Tuipunguze kamari, yawaangamiza watoto,” ataambiwa, “Na deni la kiwanja tutalilipa kwa nini?” Hivyo kitu kizuri kimeajiriwa kuwa mlinzi wa kitu kibaya. Hiyo ndiyo khatari ambayo mweka wakfu wa zamani aliiogopa, ndiyo maana alitazama asili ya mali yake kabla hajaitazama ramani ya jengo lake.

Huenda mtu akajibu: “Maadamu kamari ipo, si bora kodi yake ifanye kheri?” Jibu lake ni kwamba kuna tofauti baina ya kutoza ubaya kodi ili upungue, na kuutegemea ubaya ili jengo lisimame. Katika jambo la kwanza, kodi ikipungua tutashukuru. Katika jambo la pili, kodi ikipungua tutahuzunika. Na moyo wa mtawala utakapohuzunika kwa kuwa watu wake wamewacha kucheza kamari, basi mambo yamepinduka.

Lililobaki ni suala la tatu: nani anufaikaye? Katika kiwanja cha watu 60,000 wenye kucheza ni 22, na waliobaki ni watazamaji. Kutazama si dhambi, na kuna furaha ya kweli katika watu wa makabila na dini mbali mbali kusimama pamoja kuishangilia nchi yao. Mimi siidharau furaha hiyo. Nchi zetu zina haja nayo. Lakini afya haiingii mwilini kwa macho. Mtoto wa Kisauni, au wa Likoni, au wa Majengo, haja yake ya kila siku ni kiwanja cha mchanga kilicho karibu na kwao, chenye magoli mawili, taa, bomba la maji, na mtu mzima wa kuwaangalia. Na binti naye awe na wakati wake na stara yake ya kucheza. Viwanja hivyo ndivyo vilivyotuponyoka. Tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ambayo ripoti yake hujulikana kwa jina la Ndung'u, ya mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi zilizowekwa kwa ajili ya watu wote, viwanja vya kuchezea vikiwa miongoni mwake, zilivyogawiwa watu binafsi. Na watu wa Mombasa waliona wenyewe kiwanja cha mji wao kikifungwa kwa ajili ya kujengwa upya, na misimu ya mpira ikapita mmoja baada ya mwingine, vijana wakingoja. Kumnyang'anya mtoto kiwanja cha mtaa wake, kisha kumjengea baba yake kiti cha kukaa kutazama wengine wakicheza katika mji wa mbali, si kumtendea haki.

Kuna hoja moja ambayo lazima tuijibu kwa insafu, nayo ni hoja ya biashara. Husemwa kwamba kiwanja kikubwa huleta wageni, ajira, na pesa mjini. Katika siku za kujenga na siku za mashindano ni kweli mafundi hupata, na mahoteli na wenye magari hupata. Lakini mwaka 1997 wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Roger Noll na Andrew Zimbalist, walitoa kitabu walichokusanya ndani yake uchunguzi wa viwanja vya nchi yao, na haikuonekana kwamba viwanja vile viliurudishia umma faida inayolingana na fedha zilizomwagwa. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Shilingi aliyoitoa mtu mlangoni mwa kiwanja ndiyo ile ambayo angaliipeleka kwa muuza mishikaki au kwa mshona nguo. Imehama mfuko tu, haikuzaliwa. Wenye kuzidisha kweli ni wageni watokao mbali, nao huja kwa siku chache kisha wakarudi kwao. Kwa hivyo mtu atakaye kujenga kiwanja na aseme wazi kwamba ajenga kwa ajili ya furaha na heshima, kisha watu wapime kama heshima hiyo yastahili bei yake. Hilo ni jambo la haki. Lisilo haki ni kuwauzia watu fahari kwa jina la faida.

Nami nisingependa maneno haya yaishie katika kuwalaumu wenye serikali, kwani mizani hii ikitoka nyumbani kwetu yatupasa tuanze kujipima nayo. Je, sisi hatujengi kwa fahari? Hatuoni msikiti ukiinuliwa ghorofa ya pili na minara miwili, ilhali mwalimu wa chuo kilicho ubavuni mwake hajalipwa miezi mitatu? Hatuoni harusi ikikodishiwa ukumbi mkubwa wa mapambo, kwa usiku mmoja, na bwana harusi akaanza maisha yake kwa kuwakwepa wanaomdai? Ukumbi ule na kiwanja kile ni ndugu: vyote viwili vimejengwa juu ya kupenda kuonekana siku moja na kuisahau siku ya pili. Mtawala alizaliwa katika watu wake. Hakuanguka kutoka mbinguni. Watu wanaokopa kwa ajili ya usiku mmoja watapata wakubwa wanaokopa kwa ajili ya mwezi mmoja.

Basi jibu letu la suala tulilolianza ni hili. Ni haki kujenga kiwanja kikubwa, wala si israfu, ikiwa mambo matatu yametimia. La kwanza, mali yake iwe safi na ijulikane, na atakayelipa awe ameelezwa ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kutoka wapi. La pili, kabla ya jiwe la msingi iwe imekwisha kutajwa na kutengwa fedha ya kukitunza kila mwaka, na mwenye kuulizwa juu yake ajulikane kwa jina, kama alivyojulikana msimamizi wa wakfu. La tatu, viwanja vidogo vya mitaa vilindwe kwanza na virudishwe vilivyochukuliwa, ili kiwanja kikubwa kiwe kilele cha mlima ambao chini yake mna watoto wanaocheza, kisiwe kilele kilichotundikwa hewani. Yakikosekana hayo, basi hata jengo likipendeza vipi, na hata mashangilio yakisikika hadi baharini, tumewakopa watoto wetu bila ya kuwaomba ruhusa.

Na kila mmoja wetu ana sehemu yake. Mwenye kuitwa katika mikutano ya kutoa maoni juu ya bajeti, katika kaunti au katika bunge, na aende, na aulize: siku ya pili, nani atakayefagia? Suala hilo ni dogo, na aulizaye huenda akachekwa. Lakini misikiti mingi ya wazee wetu imesimama mpaka leo kwa sababu kuna mtu aliyeliuliza suala hilo hilo, akalijibu kwa shamba lake la minazi, ndipo akamwita fundi. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikisha.